Bata Mzinga Mzima Juu ya Mkaa

Aliyezoea kuchoma mbuzi ana mkono usiotulia, na ndiyo sifa yake. Husimama karibu na jiko, hugeuza mbavu, hunyunyizia maji ya chumvi, hupepea, hukata kipande akaonja, na nyama hutoka nzuri kwa sababu hakuipa kisogo. Bata mzinga wa kilo 7 anataka kinyume cha hayo yote. Anataka moto ukae pembeni, mfuniko ukae juu, na mchomaji akae kitako. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, kazi iliyobaki inawezekana kwa mtu yeyote mwenye subira. Usipolikubali, utapata ndege mwenye ngozi nyeusi, kidari kikavu na mapaja yenye damu, na wageni wameshanawa mikono.

Wengi watakaoutumia mwongozo huu wako Marekani, ambako sheria ya mwaka 1941 iliiweka Sikukuu ya Shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba, au Kanada, ambako huangukia Jumatatu ya pili ya Oktoba. Familia za Waswahili huko zimeipokea kwa namna yao: bata mzinga katikati ya meza, na kando yake pilau, kachumbari, sambusa na chapati. Lakini nyumba nyingi zina oveni moja, na bata mzinga akishaingia humo, kingine chochote kinangoja saa tatu au nne. Ukimpeleka nje kwenye mkaa, oveni inabaki huru, na nyama inapata harufu ambayo oveni haiwezi kuitoa. Walioko Nairobi, Arusha au Mombasa, wanaofuga au kununua bata mzinga kwa ajili ya Krismasi, nao watafuata hatua zilezile, isipokuwa habari za theluji na friza.

Jiko ninalolisema ni grili ya mkaa ya duara, yenye miguu mitatu na mfuniko wa kuba. Aliyeibuni ni George Stephen, mwaka 1952, akifanya kazi Weber Brothers Metal Works, kiwanda cha Chicago kilichotengeneza maboya ya chuma miongoni mwa vitu vingine. Alichukua umbo la boya akaligawa mara mbili: nusu ya chini ikawa jiko, nusu ya juu ikawa mfuniko. Jiko la wazi huivisha upande mmoja tu, ule unaotazama makaa. Likifunikwa, hewa ya moto hupanda, hugonga kuba, hushuka na kumzunguka ndege pande zote. Kwa hiyo usilihesabu kama jiko la kuchomea. Lihesabu kama oveni inayokula mkaa. Kama huna grili hiyo, pipa lililokatwa kwa urefu, lile la kuchomea nyama lenye mfuniko wa bawaba, linafaa pia mradi lina matundu ya hewa chini na juu na unaweza kuuweka moto upande mmoja na ndege upande mwingine.

Kununua na kupima

Kadiria kati ya nusu kilo na gramu 700 za ndege mbichi kwa kila mlaji, kwa kuwa mifupa ina uzito wake. Ndege wa kilo 7, ambaye Marekani atauzwa kama wa paundi 15 hivi, analisha watu 10 hadi 14. Grili ya kawaida yenye kipenyo cha sentimita 57 inamchukua ndege wa kilo 6 hadi 8 bila taabu. Anayezidi hapo anaweza kuingia, ila kidari kinakaribia mfuniko mno na mapaja yanaanza kutambaa juu ya makaa. Pima mapema: mweke akiwa bado kwenye mfuko wake juu ya wavu wa jiko lililo baridi, kisha funika. Kati ya kidari na mfuniko ipite nafasi ya vidole viwili au zaidi. Wageni wakiwa wengi zaidi, mimi nasema nunua ndege wawili wa kilo 5 kuliko mmoja wa kilo 10. Wadogo huiva sawasawa zaidi, na kuna miguu minne ya kugombewa na watoto badala ya miwili.

Anayetaka wa halali aende kwa mchinjaji wa halali wiki mbili tatu kabla ya sikukuu na kuagiza, maana katika miji mingi ya Marekani hawa huisha mapema. Kwa yeyote, soma lebo. Bata mzinga wengi wa dukani wamedungwa maji ya chumvi kiwandani, na lebo husema hivyo kwa maandishi madogo. Huyo tayari ana chumvi yake, nawe utalikumbuka hilo tutakapofika kwenye chumvi. Kwa aliyechinja nyumbani, mchinje siku moja kabla au mbili, mkaushe, mlaze kwenye jokofu usiku kucha ili misuli ilegee. Ndege wa kufugwa nje huwa na mafuta machache kuliko wa dukani, hivyo usimbanie siagi.

Kuyeyusha barafu

Hapa ndipo sikukuu nyingi huharibikia, siku kadhaa kabla ya moto kuwashwa. Ndege aliyeganda akipelekwa jikoni ataungua nje huku tumboni mna barafu. Kwenye jokofu, kila kilo 2 zinataka saa 24 hivi. Wa kilo 7 basi anataka siku tatu na nusu hadi nne. Kwa sikukuu ya Alhamisi, mtoe kwenye friza Ijumaa jioni ya wiki iliyotangulia, mweke ndani ya sinia lenye kingo, rafu ya chini kabisa, ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Ukichelewa, mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiovuja, badilisha maji kila baada ya nusu saa, na uhesabu nusu saa kwa kila paundi: wa kilo 7 atachukua karibu saa nane, na akishayeyuka apikwe mara moja. Usimwache juu ya kaunta usiku kucha. Nje atakuwa amepata joto la kutosha kulea bakteria wakati ndani bado ni jiwe.

Jumanne jioni mfungue, toa shingo na kifurushi cha firigisi na maini kilichofichwa ndani (angalia pande zote mbili, tumboni na shingoni), kisha mkaushe kwa karatasi za jikoni. Kwetu wengi tumelelewa kwamba kuku asiyeoshwa kwa maji na ndimu hafai kuliwa, nami naiheshimu nia hiyo ya usafi. Lakini Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri ndege asioshwe, na sababu yake ina uzito: maji yanayoruka kutoka kwenye mwili mkubwa namna hii hutawanya salmonela na wenzake kwenye sinki, kwenye kaunta na kwenye bakuli la kachumbari. Kinachowaua ni moto. Kaushia karatasi, osha mikono, sinki na ubao kwa sabuni, na ndimu zako ziweke akiba kwa kazi nyingine.

Chumvi kwanza, viungo baadaye

Watu wengi humtia ndege kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Inafanya kazi, ila ndoo haina nafasi kwenye jokofu la sikukuu, na ngozi hutoka imelowa. Chumvi kavu ni bora. Kwa kilo 7 chukua gramu 45 za chumvi laini, yaani vijiko viwili na nusu vya mezani, na umpake mwili mzima: nyingi kwenye kidari na mapaja, kidogo mgongoni, kidogo tumboni. Kama lebo ilisema ameshadungwa chumvi, usimtie zaidi ya theluthi ya kiasi hicho, au acha kabisa.

Ukimtazama baada ya saa moja utamwona ametoa jasho. Matone yametanda juu ya ngozi. Usiyafute. Hayo ni maji ya nyama yaliyovutwa nje na chumvi, nayo yanaiyeyusha chumvi hiyo. Kufikia asubuhi yatakuwa yamerudi ndani, yamekwenda na chumvi, na nyama iliyopata chumvi kwa namna hii hushika maji yake vizuri zaidi inapokutana na moto. Mwache kwenye jokofu bila kumfunika, kidari juu, hadi Alhamisi asubuhi. Ngozi itakauka na kuwa kama karatasi ya ngoma, ya njano iliyofifia. Ngozi kavu ndiyo inayokauka vizuri kwenye moto. Iliyolowa huchemka kwanza.

Viungo tunavyovijua vinamfaa sana ndege huyu, mradi uviweke mahali pake. Lainisha gramu 120 za siagi isiyo na chumvi, changanya na kitunguu saumu punje sita kilichotwangwa, tangawizi mbichi iliyosagwa, pilipili manga, bizari nyembamba ya kukaangwa na kusagwa, na ganda la limau lililokwaruzwa. Kisha ingiza vidole vyako polepole kati ya ngozi na nyama ya kidari, kuanzia upande wa shingo. Utasikia utando mwembamba ukiachia. Nenda taratibu, kucha ziwe fupi, na ukifika mbali ambako kidole hakifiki tumia mgongo wa kijiko. Tandaza siagi humo ndani, nyingine peleka mpaka kwenye mapaja. Juu ya ngozi paka mafuta ya kula tu na pilipili manga. Asali, sukari na michuzi mitamu ya dukani isiguse ngozi mpaka nusu saa ya mwisho, kwa sababu sukari huungua kabla nyama haijaanza hata kupata moto. Manjano kidogo kwenye mafuta hayo huleta rangi nzuri. Mengi huleta uchungu.

Tumboni weka ndimu mbili zilizokatwa, kitunguu maji na kichane cha giligilani, vikae kwa nafasi. Usimjaze wali, mkate wala nyama ya kusaga. Ndege aliyejazwa hupitisha moto pole pole, na kile kilichojazwa kinaweza kubaki kibichi katikati wakati nje kumeshaiva. Funga miguu kwa uzi wa pamba, na ncha za mabawa zikunje nyuma ya mabega zisiungue.

Moto

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mkaa haukai chini ya ndege. Hukaa kuta mbili, kulia na kushoto, na katikati panabaki patupu. Hapo katikati, chini ya wavu, weka trei ya foili yenye maji ya kina cha sentimita 2. Trei hiyo hudaka mafuta yasidondoke kwenye moto na kuleta miale ya masizi, na maji yake husaidia joto lisirukeruke. Mimi hutupia humo kitunguu, karoti na ile shingo, kwa ajili ya rojo la baadaye.

Kwa mkaa wa briketi, ambao ndio rahisi kuupata Marekani, washa vipande 50 kwenye bomba la kuwashia: karatasi chini, mkaa juu, kiberiti, na baada ya dakika 20 hivi vipande vya juu vitakuwa vimevaa majivu meupe. Mwaga 25 kila upande. Mafuta ya taa usiyaguse, wala maji ya kuwashia yanayouzwa kwenye chupa. Kwa nyama ya dakika kumi harufu yake huenda ikapita, lakini kwa ndege atakayefukizwa saa tatu chini ya mfuniko haitapita. Anayetumia mkaa wa miti, kama tunavyofanya nyumbani, achague vipande vizito vya mti mgumu, vile ambavyo ukivigonga kimoja kwa kingine vinalia kama chuma. Mkaa laini na mwepesi hulipuka ukawaka vikali na kuisha kabla hujakaa. Mkaa wa miti huwaka kwa kasi kuliko briketi na haulingani ukubwa, hivyo ongeza kidogo kidogo, kila dakika 30 au 40.

Matundu ya hewa ndiyo usukani wako. Ya chini huingiza hewa, ya juu hutoa moshi. Anza yote yakiwa wazi, funika, na ungoje dakika 10. Unachotafuta ni joto kati ya nyuzi 160 na 180 za Selsiasi (325 hadi 350 za Farenhaiti) pale ndege atakapokaa. Likizidi, bana matundu ya chini mpaka nusu, kisha ngoja robo saa kabla ya kugusa tena, maana jiko hujibu polepole. Likipungua, yafungue. La juu usilifunge zaidi ya nusu hata siku moja: moshi uliokosa pa kutokea hugeuka kuwa mchungu, na uchungu huo huganda kwenye ngozi. Kipimo kilichochomekwa kwenye mfuniko husoma joto la chini ya kuba, ambalo si sawa na la juu ya wavu. Ukiweza, weka kipimajoto cha oveni pembeni ya ndege na ukiamini hicho.

Kuhusu moshi wenyewe, kuwa na kiasi. Nyama ya ndege huunywa moshi haraka kuliko ng'ombe. Vipande viwili au vitatu vya mti vyenye ukubwa wa ngumi, vikiwekwa juu ya makaa mwanzoni, vinatosha safari nzima. Marekani hutumia mtufaa na mcheri, kwetu mpera na mchungwa mkavu hufanya kazi hiyohiyo. Msonobari, mbao zilizopakwa rangi na vipande vya paleti visikaribie. Moshi ukiwa mweupe na mzito, subiri kabla ya kuweka ndege. Ukiwa mwembamba, karibu hauonekani, ndio wakati.

Jambo moja sitalisema kwa upole. Mkaa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi huua watu walioingiza jiko ndani ili wapate joto au wasipigwe na theluji. Usichome ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Usichome kwenye baraza iliyofungwa kwa plastiki. Baridi ikiwa kali, vaa koti zito na ulisogeze jiko mahali ukuta unapozuia upepo lakini juu ni angani, mita 3 kutoka kwenye nyumba. Kama unaishi ghorofani, uliza kwanza, kwani miji na wenye nyumba wengi Marekani hukataza mkaa kwenye roshani.

Saa tatu za kukaa mbali

Kidari na paja ni nyama mbili tofauti zilizopewa mwili mmoja, na ugumu wote wa bata mzinga umelala hapo. Kidari hakina mafuta; kikipita nyuzi 74 kwa kiasi kikubwa kinakuwa uzi mkavu. Paja lina kano na mafuta; kwenye nyuzi 74 ni salama, lakini bado linakaza meno, na huwa tamu likifika 80 au zaidi. Kwa hiyo tunataka paja lipate moto zaidi ya kidari. Mpangilio wa kuta mbili unasaidia: mlaze ndege kwa urefu katikati, kidari juu, mapaja yakitazama makaa ya kulia na kushoto. Njia nyingine, ambayo Harold McGee, Mmarekani anayeandika kuhusu sayansi ya upishi, huipendekeza, ni kuweka mfuko wa barafu juu ya kidari kwa muda kabla ya kupika, ili kianze safari kikiwa baridi kuliko mapaja. Nusu saa inatosha, wakati unasubiri mkaa. Mfuko uwe hauvuji, na ngozi uikaushe tena baadaye.

Tuseme mnakula saa 10 alasiri. Washa mkaa saa 4 na nusu asubuhi, ndege aingie saa 5. Kwa joto nililolitaja, wa kilo 7 atachukua saa tatu hivi, pengine tatu na nusu kukiwa na upepo. Ukitoa muda wa kumpumzisha, hiyo inakuachia karibu saa nzima ya akiba, nayo utaihitaji. Ndege akiiva mapema hakuna hasara, anakaa na moto wake kwa muda mrefu. Akichelewa, pilau inapoa na watu wananuna.

Funika, ondoka. Kila ukifunua, joto lote hutoka, makaa hupata hewa na kuwaka kwa hasira, kisha ukifunika joto hupanda kupita ulivyotaka. Usimwagie mchuzi juu. Ngozi haiingizi mchuzi, inalowa tu. Funua mara moja kila saa, kwa kazi tatu za haraka: ongeza briketi 8 kila upande (baridi ikiwa kali weka 10 au 12), ongeza maji ya moto kwenye trei kama yamepungua, na mara ya kwanza mzungushe ndege, kichwa kwa mkia, kwa sababu upande mmoja wa jiko daima huwaka kuliko mwingine. Baadhi ya grili zina wavu wenye milango midogo pembeni kwa ajili ya kuongezea mkaa. Kama yako haina, tumia wavu wenye nafasi ya kupitishia mkaa juu ya makaa, na uwe na koleo refu. Kidari kikianza kuwa cha kahawia iliyokolea kabla ya wakati, kiwekee kipande cha foili juu bila kukibana.

Baada ya saa mbili na robo anza kupima. Nunua kipimajoto cha kuchomeka nyama; bei yake ni ndogo kuliko hasara ya ndege mmoja. Kile kidude cha plastiki kinachokuja kimechomekwa kidarini tayari usikitegemee, mara nyingi huruka juu wakati kidari kimeshakauka. Choma sindano kwenye sehemu nene ya kidari, kwa upande, kisha katikati ya paja bila kugusa mfupa, kisha kwenye kwapa la bawa. Mfupa ukiguswa husoma uongo. Kote kuwe nyuzi 74 (165 za Farenhaiti) au zaidi, na paja ungependa liwe 80 (175). Kidari kikiwa tayari na mapaja bado yako 68, usiendelee kukiadhibu kidari. Mtoe ndege, kata miguu kwenye maungio, irudishe jikoni upande wa moto na ufunike. Itamaliza wakati kidari kinapumzika. Na mkaa ukikushinda kabisa, theluji ikaanguka au makaa yakazima, mhamishie kwenye oveni ya nyuzi 165. Moshi wa saa mbili za kwanza ameshaubeba.

Usiogope rangi. Ndege wa mkaa huwa na mstari wa waridi chini ya ngozi, na wakati mwingine karibu na mfupa. Gesi za moshi hushikana na rangi ya nyama na kuizuia isigeuke kijivu. Mgeni wako atasema haijaiva. Mwonyeshe kipimajoto.

Kupumzisha na kukata

Akitoka, mweke juu ya ubao wenye mfereji, dakika 30 hadi 40, na foili juu yake ikiwa imelegea kama mwavuli. Ukimfungia kwa kubana, mvuke utailowesha ngozi uliyoitunza tangu Jumanne. Wakati huo chuja kilichomo kwenye trei, ondoa mafuta yanayoelea, na uonje kwanza: huwa na chumvi na moshi kwa wingi, pengine utahitaji nusu yake tu pamoja na supu ya kawaida. Kaanga vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye mafuta yaleyale, mimina taratibu ukikoroga, na rojo lako liko tayari.

Mkate miguu kwanza. Livute paja nje mpaka uone ungio lenyewe, kisu kipite hapo bila nguvu. Kidari usikikate vipande kikiwa juu ya mwili. Pitisha kisu kando ya mfupa wa katikati, kiteremshe na mbavu, kitoke kizima, kisha kilaze ubaoni na ukikate kwa kukatiza nyuzi za nyama, unene wa kidole, kila kipande na ngozi yake.

Mabaki yaingie kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita tangu chakula kitolewe, katika vyombo vifupi ili yapoe haraka, na yaliwe ndani ya siku tatu au nne. Majivu yaache jikoni, matundu yote yamefungwa, siku mbili nzima kabla ya kuyamwaga, na yaende kwenye ndoo ya chuma, si ya plastiki. Mifupa usiitupe. Ivunje, itie kwenye sufuria kubwa na kitunguu, tangawizi na mdalasini, maji yaifunike, ichemke kwa moto mdogo saa tatu, kisha uichuje. Supu hiyo yenye moshi hupikia pilau ya Ijumaa kuliko maji yoyote, ila ionje kabla ya kutia chumvi, kwa sababu zile gramu 45 za Jumanne bado zimo humo.